Mnunuzi Aliyegonga Pete Ndogo

Kumbe njia mnaijua! Kumbe kichochoro chetu hakijafunikwa na kifusi, treni za kutoka Casablanca bado zinafika Fez, na wala serikali haijapiga marufuku watu kuwaamkia mama zao! Kaeni basi. Mbona mmesimama kama wageni wa msiba? Mara ya mwisho kuwaona nyote katika ua huu ilikuwa siku tuliyomzika baba yenu, na chai ya siku ile mliiacha nusu mkakimbilia magari. Leo imetajwa bei, mmefika hata paka hajaamka.

Haya. Nimeambiwa hotuba ina utaratibu wake, nami nitaufuata.

Mheshimiwa mkuu wa mtaa wetu, Si Bouchta, na hilo Si kwetu Fez maana yake Bwana, uliyevaa kanzu ya Ijumaa siku isiyo Ijumaa, Bwana Shahidi wa Kadhi, Si Tuhami, uliyekuja na kalamu na muhuri kuandika mkataba wa mauzo, ndugu yetu Si Larbi, dalali wa majumba, unayestaafu leo baada ya kazi hii moja ya mwisho, majirani zangu waheshimiwa mnaochungulia kutoka darini mkidhani siwaoni, wanangu watatu, Driss wa Meknes, Sellam wa Tangier na Khnata wa Casablanca, nimewapanga kwa kuzaliwa, maana ningewapanga kwa kunitembelea ningeanza na jirani, wakaza wanangu, wajukuu zangu, na wewe, mgeni wetu wa heshima, kiti kitupu uliyewekewa mto wa hariri, tunayekungoja tangu asubuhi umlete mnunuzi wako: amani iwe juu yenu nyote.

Nimeombwa niiage nyumba hii kwa maneno machache yenye staha. Aliyenichagua ni Khnata. Aliniambia, "Mama, lia kidogo tu, mnunuzi akuonee huruma asianze kupunguza bei." Basi leso ninayo hapa. Lakini kabla sijalia, naomba niseme kidogo juu ya hizo bei, kwa kuwa kuna watu hapa wanazijua bei za nchi nzima kuliko wanavyoyajua magoti yangu.

Kila Ijumaa, mkono wangu ukiwa bado una mvuke wa kuskusi, Khnata hunipigia simu. "Mama, Tangier imepanda. Agadir imetulia. Rabat inapumua kidogo kidogo. Marrakech haishikiki."

Siku ya kwanza nikashika kifua. "Ya Rabi! Wote hao wamelazwa hospitali gani?"

"Si wagonjwa, Mama! Bei za nyumba!"

"Na Fez, mwanangu?"

"Fez imelala, Mama. Lakini wajuzi wanasema itaamka."

Tangu siku hiyo Fez ikawa imelala yenyewe, mimi macho.

Sasa niwakumbushe damu yenu imetoka wapi. Baba yenu, Mungu amrehemu, alikuwa mshona viatu vya ngozi, na viatu vyake viliuzwa kwa mnada pale sokoni, dalali akizunguka navyo begani anapaza bei. Je, mtu yule aliwahi kumuuliza dalali, "Viatu vyangu vina bei gani leo?" Hata siku moja! Aliona ni aibu. Alimtuma rafiki yake ajichanganye na wanunuzi, ajifanye anavitaka, apandishe kidogo ili wengine wahamasike. Jioni moja akarudi na furushi, uso unang'aa. "Ghita! Soko limechangamka! Viatu vimekwenda kwa bei sijawahi kuiona!" Nikafungua furushi. Viatu vyake mwenyewe. Rafiki yake ndiye aliyeshinda mnada.

Mnacheka? Chekeni vizuri, maana zamu yenu inakuja.

Mwaka huu, baada ya mavuno ya zeituni, mlango huu ulianza kugongwa na wanunuzi. Si Larbi ndiye aliyewaongoza, na hapa nataka kumsifu ndugu huyu mbele ya watu, kwa kuwa anastaafu na hana tena wa kumdanganya. Si Larbi ni dalali mwenye jicho jema. Nyumba ikikosa paa, huiita nyumba yenye nyota. Ukuta ukiinama, anasema unasikiliza jirani. Mtu wa namna hiyo akiona wanunuzi watatu kwa mpigo, mnadhani atauliza wametoka wapi?

Wa kwanza alikuwa mzee wa Meknes. Alitazama nguzo, akagusa vigae, akasema, "Nyumba nzuri." Halafu akageuka, akaniuliza, "Na wewe Lalla, bibi yangu, siku hizi unalala chini au bado unapanda ngazi na magoti hayo?" Nikajiambia, huyu mnunuzi ana adabu sana. Nyumba hajaipima, magoti ameyapima.

Wa pili alikuwa bibi wa Agadir, mwenye miwani ya jua hata ndani ya nyumba isiyo na jua. Huyo hakuuliza vyumba vingapi. Alikwenda moja kwa moja jikoni, akafungua jokofu. "Nyama iko wapi?" Nikamwambia, "Bibi, nyama inauzwa pamoja na nyumba?" Akakohoa. Akaondoka akiwa ameniachia kuku mezani. Nani kati yenu amewahi kusikia mnunuzi anayeacha kuku?

Wa tatu alikuwa bwana wa Tangier. Kwa ajili ya Si Tuhami, ambaye nyumba yake ni ya mjini kule kwenye lifti, nieleze kwamba mlango wetu una pete mbili za chuma. Kubwa huigonga mgeni, nami hujitanda kwanza ndipo nifungue. Ndogo huigonga mtu wa nyumbani, nami nafungua nikiwa na unga hadi viwikoni. Basi bwana huyo, mtu nisiyemjua kwa sura wala kwa jina, aligonga pete ndogo. Nikafungua nikidhani ni mjukuu wangu Anouar. Nakuta suti na tai! Nikamuuliza, "Mwanangu, nani kakwambia ugonge hii ndogo?" Akasema, "Nimeambiwa hiyo kubwa huwa hufungui haraka." Nimeambiwa! Aliambiwa na nani? Mwisho akaniuliza kama nameza dawa ya presha.

Nikapika kuku wa bibi wa Agadir, nikala.

Wakati mimi nala, Si Larbi anakimbia. Mzee wa Meknes ametaja bei. Bibi wa Agadir amesikia, ameongeza. Bwana wa Tangier amesikia ya bibi, akaongeza zaidi. Mzee akarudi. Bibi akarudi. Bei ikapanda mpaka pesa iliyokuwa ikitosha nyumba nzima pamoja na mti wa mlimau ikawa inatosha ngazi tu, tena bila lile daraja lililovunjika. Habari ikatoka mlangoni ikaingia kichochoroni. Mwenye tanuri la mkate akapandisha kodi ya tanuri, anasema liko karibu na nyumba ya Lalla Ghita inayogombaniwa. Mwenye zizi la punda akapaka chokaa na kubandika kibao: jumba la kale, ua wa faragha. Punda wenyewe bado wamo. Khnata akanipigia, pumzi imemkata: "Mama! Fez imeamka!"

Ndiyo, imeamka. Na ilipoamka ilimkanyaga mtu.

Anouar, simama mwanangu, wakuone. Huyu ni mtoto wa Driss, nimemlea mimi tangu mama yake alipofariki, anafua shaba pale uwanja wa mafundi, mnaisikia nyundo yake mkipita. Ameposa. Yule binti pale nyuma mwenye kitambaa cha kijani ndiye Btissam, na arusi ni baada ya mwezi wa Shaaban kuandama. Baba yake binti ametaka kitu kimoja tu: vyumba viwili vya kuanzia maisha, hapa hapa, karibu na kazi ya mume. Anouar alishapatana kodi na Si Hammad jirani, ampangishe vyumba vyake viwili. Wameshikana mikono, wamesoma Fatiha. Bei ya kichochoro ilipopanda, Si Hammad akaja hapa amenuna kama amefiwa. "Lalla, nisamehe. Nyumba yako inagombaniwa na miji mitatu. Mimi nipangishe kwa kodi ya jana, niwe mjinga kuliko wote?"

Nikampigia Driss. Nikasema, "Huko juu kuna vyumba viwili vimefungwa. Mpe mwanao." Mwasikia alivyonijibu? "Mama, nyumba yenye mtu ndani huwa inashuka bei." Nikamwambia, "Na mimi ni nini, zulia?" Sellam na Khnata walisema hivyo hivyo, na kila mmoja ana kufuli lake kwenye mlango ule wa juu, makufuli matatu yananing'inia kama jela ya wafalme, kwa kuwa hakuna anayemwamini mwenzake asije akauza milango. Anouar akaanza kufunga nyundo zake aende Tangier kutafuta kazi. Btissam akaacha kudarizi shuka. Jamani, msichana akiacha kudarizi shuka zake mwenyewe, arusi imekwisha kuanguka, imebaki kutangazwa.

Basi ndugu wageni waalikwa, nawauliza swali moja, na Si Larbi atanisaidia kujibu. Mnunuzi yuko wapi? Kiti hiki tumekiwekea mto, tumekifukizia udi. Si Larbi, kila mnunuzi uliyempigia jana alikwambiaje?

Sema kwa sauti wasikie na wa darini. Anasema: "Kila mmoja alisema mwenzake ndiye atakayekuja."

Mmesikia. Driss, mzee wa Meknes anayejua magoti yangu ni nani? Inua uso. Kinyozi wako! Ulimtuma apandishe kidogo ili wa kweli wahamasike. Khnata, bibi wa Agadir je? Shoga yako wa kazini, nimeona picha yake kwenye arusi ya shemeji yako, miwani ile ile. Na wewe Sellam, mpenzi wangu, usijifiche nyuma ya birika. Bwana wa pete ndogo?

Anasema ni dereva wake. Alhamdulillahi.

Unasema nini, Khnata? Usiingie ndani ya shali, sema. "Mimi nilidhani wa Tangier ndiye wa kweli." Na Sellam? "Mimi nilidhani wa Agadir ndiye wa kweli." Na Driss alidhani wote wawili ni wa kweli, akawa halali usingizi kwa furaha. Wanangu! Mmeikimbiza Fez nzima kwa kugombania wenyewe kwa wenyewe viatu vya baba yenu! Si Larbi, kaa, usizimie, kazi yako ya mwisho bado haijaisha.

Nilijua tangu pete ndogo. Mnataka kujua kwa nini nilinyamaza? Nyumba hii haiuzwi wala haipangishwi bila nyote watatu kuwa mbele ya shahidi, nami nimewaita kwa Idi, nimewaita kwa ugonjwa, nimewaita kwa supu ya harira, hamkutimia hata siku moja. Kwa mnunuzi mmetimia. Tena kila mmoja amekuja na ufunguo wa kufuli lake mfukoni, aukabidhi kwa mnunuzi kwa mikono yake mwenyewe. Nionyesheni mahali pengine ningepata bahati hiyo!

Basi zileteni. Hapa, juu ya mto huu wa hariri. Driss, wewe ni baba wa bwana arusi, anza. Vizuri. Sellam. Huo ni wa gari, mwanangu, lete mwingine. Khnata? Khnata, Anouar anakutazama. Njoo, mama, njoo unibusu, usilie, leso ni yangu. Haya, zimetimia.

Bwana Shahidi, kalamu uliyokuja nayo inatosha. Andika: vyumba viwili vya juu wamepangishwa Anouar na Btissam, kwa kodi waliyopatana na Si Hammad kabla Fez haijaamka, na ngazi wataitengeneza wao. Warithi wote wako mbele yako, na mjane yuko mbele yako, na asiyekubali aseme sasa hivi nikimtazama usoni. Kimya. Andika kimya hicho pia.

Si Larbi, ndugu yangu, sauti yako imeuza nusu ya mji huu. Leo, kama zawadi ya kustaafu kwako, pita kichochoroni mpaka kwenye zizi la punda upaze mbiu: mnunuzi hayupo, hakuwahi kuwepo, bei zirudi kitandani. Ukimaliza urudi ule, mbele kabisa, pamoja na Mheshimiwa mkuu wa mtaa.

Sasa niwashukuru, kwa kuwa hata katika ujinga wenu mlinifanyia jambo. Mlituma watu watatu kupandisha bei, na hakuna hata mmoja aliyepima ukuta. Waliuliza magoti, jokofu na dawa. Mlikuwa na aibu ya kuniuliza mambo hayo wenyewe? Basi jibu: magoti yanauma, nyama ipo, dawa nameza nikikumbuka. Nawashukuru nyote mlionivumilia na maneno yangu marefu, waliokaa na waliosimama, na nyinyi wa darini mteremke, kuskusi ni nyingi.

Na siku nyingine mkija, hata kama mmekuja kuuliza bei tu, njooni wenyewe, mkigonga, gongeni pete ndogo.