Perege wa Bwawa la Tatu

Benchi la kijiwe cha Chang'ombe, nyuma ya karakana, lilikuwa na mguu mmoja mfupi. Anayekaa mwisho ndiye anayelizuia lisiyumbe, na akizembea, wenzake wote wanamwagikiwa kahawa. Jumamosi hiyo, mwaka ule watu walipokuwa wakihamia vijijini, mwishoni alikaa Leonardi, na kahawa ya Mwishehe, muuzaji wa kijiweni, ilishamwagika mara tatu. Jamaa alikuwa hatulii, na alikuwa na sababu.

Leonardi, Mmwera wa Nachingwea, ndiye aliyekabidhiwa mabwawa mawili ya samaki ya kikundi cha ujamaa, jirani na kijiwe. La juu lilikuwa na perege wa Ruvu, la chini perege wa Rufiji. Bwana Samaki, kijana msomi aitwaye Ansbert, alimwachia agizo moja tu: koo hizi mbili zisichanganyike. Basi masika yakaja yakala tuta la katikati, kulipokucha Leonardi akakuta bwawa moja. Akalijenga tuta upya, akafyata mdomo mwezi na nusu. Sasa Ansbert anakuja kukagua saa nne hii hii, na Leonardi alishajiona ameitwa mhujumu, kazi hana, mke na mtoto hajui awapeleke wapi.

Mwisho yakamshinda, akawamwagia wenzake yote.

Fakihi, waliyemwita Redio kwa kuwa hazimiki, alikwama kwenye koo. Yeye alijua koo moja, la kumezea, akataka kuambiwa perege wa Ruvu anameza nini ambacho wa Rufiji hamezi. Theonest, Mhaya wa ofisini waliyemwita Karani, akamweleza taratibu kwamba koo ni wingi wa ukoo. Kila mto unalea wa kwake, huyu anavumilia tope, yule chumvi kidogo, na ukiwachanganya ovyo hujui umepoteza nini.

— Huo si ukabila? — Redio akasema. — Sie tumekatazwa kuulizana kabila, samaki wapewe?

Hapo akapata moto. Kwa maoni yake mvua ile ilifanya kazi ya chama, imewahamishia perege wote kijiji kimoja, na anayepaswa kujieleza ni Bwana Samaki mwenyewe. Karani naye, msomi mzima, akaanza kupotea: eti wa Rufiji wamezoea mto mpana, lazima wameshashika uongozi wa bwawa. Redio akakataa katakata. Wa Ruvu maji yao ndiyo yanayonywewa na mji mzima, hao ni watoto wa mjini, hawatawaliki. Mwishehe akasimama na birika mkononi akiuliza kama samaki hao wanaelewana lugha.

— Nyie mnacheka, — Leonardi akasema. — Kuna jingine sijawaambia. Wanaumwa.

Akaeleza kwamba tangu awali aliwaona pezi la tumboni limeliwa, wengine la kushoto, wengine la kulia. Amewatilia majivu, amewatilia mwarobaini, wapi.

Baiskeli ya Ansbert ikaingia. Kabla kijana hajamaliza shikamoo yake, Leonardi alishasimama na kusema yote, tuta, mvua, ugonjwa, bila kupumua. Ansbert akavua kofia, akaanza kutabasamu.

— Mzee Leonardi, hayo mapezi niliyakata mie. Kushoto Ruvu, kulia Rufiji. Masika nilikuwa nayajua, tutawatenganisha mmoja mmoja.

— Mbona hukuniambia?

— Nilidhani utaona.

— Nimeona. Nimewatibu.

Kijiwe kizima kikacheka mpaka Mwishehe akaweka birika chini. Leonardi akarudi kwenye benchi akakaa kwa uzito wake wote. Kifua kilimfunguka, akajisikia njaa kwa mara ya kwanza tangu juzi. Leonardi alikuwa Mkristo, ila Mwishehe akamsemea alhamdulillahi.

Wakiwa hapo akatokea mkewe, Demetria, mtu wa Bukoba, binti yao mgongoni na beseni la maji mikononi. Akawaamkia, akaliweka beseni mbele ya Ansbert. Ndani kulikuwa na visamaki vidogo kama punje za mpunga, vinazunguka.

— Hivi nimevikuta pembeni mwa tuta, vimezaliwa juzi juzi, — akasema. — Mapezi yote mazima. Mtavirudisha bwawa lipi?

Ansbert akafungua daftari lake, akalifunga. Karani akajifuta kahawa kwenye shati. Redio akanyosha shingo, akaanza kuvihesabu kwa sauti.

Leonardi alikuwa akimtazama mwanawe mgongoni kwa Demetria. Paji la uso la Nachingwea, macho ya Bukoba, mdomo umejaa kashata ya Chang'ombe. Hakuna aliyewahi kumuuliza wamrudishe wapi.

— Ngojeni nikalete jembe, — akasema. — Nawachimbia la tatu.

Akainuka bila kuaga. Benchi likainama, na kahawa iliyobaki yote ikaishia mapajani mwa Redio.