Silinda ya Mzee Hakai Yapanda Kilima

Ijumaa tarehe 30 Septemba, baada ya miaka thelathini na minne na miezi mitano katika karakana ya idara yetu ya maji, fundi mkuu wa mitambo alistaafu rasmi. Hafla ya kumuaga ilipangwa kuanza saa tisa alasiri. Ilipofika saa tisa na robo, mkurugenzi alikuwepo, keki ilikuwepo, mke wa mstaafu alikuwepo. Mstaafu hakuwepo. Alikuwa kilimani.

Sisi tuliozoea kumwita Mzee Hakai hatukushangaa. Kiti alichonunuliwa na ofisi kimebeba kabureta nyingi kuliko siku kilizombeba yeye. Chakula cha mchana hula amesimama, mkate mkono mmoja, spana namba kumi mkono wa pili. Kwenye vikao huinuka kwenda kufunga dirisha ambalo limeshafungwa. Katika miaka yake alifufua pampu kumi na moja zilizokwisha kuandikiwa barua za kutupwa, akafundisha mafundi ishirini na watatu, na kwa kila mmoja alisisitiza sharti moja: usipige kiki kabla hujaizungusha injini kwa mkono.

Hata hivyo, wasifu unaoishia kwenye idadi ya pampu humpunja mtu. Mwandishi wa makala haya, ambaye aliingia karakana mwaka jana na shahada ya uhandisi na maneno mengi ya kuitetea, anaona kwamba wiki ya mwisho inamweleza mstaafu wetu vizuri kuliko miaka yote iliyoitangulia.

Jumatatu ya wiki hiyo, pikipiki ya magurudumu manne inayopandisha dawa ya kutibu maji hadi kwenye mtambo wa kilimani ilizima njiani. Dereva alisahau kuongeza oili. Pistoni ilishika, na silinda ikachunika ndani kama ukuta uliokwaruzwa kwa msumari. Gari halipiti njia ile. Mlinzi wa mtambo alipiga simu kusema dawa iliyobaki ingetosha hadi Jumamosi asubuhi tu. Baada ya hapo angelazimika kufunga maji ya mitaa yote ya chini, pamoja na zahanati. Mchonga vyuma wa mjini alihitaji wiki mbili kuikwangua upya silinda ile. Mzee Hakai alikuwa na siku nne za utumishi, na hati ya makabidhiano aliikataa katakata: hakuwa tayari kukabidhi chombo kilicholala.

Akaanza kuzunguka. Alizunguka meza, akazunguka ghala, akatoka nje, kisha akasimama mbele ya pikipiki yake mwenyewe, ile kongwe yenye injini ya mipigo miwili, inayokunywa petroli iliyochanganywa na oili. Injini hizo mbili zilitoka kiwanda kimoja. Nafasi za boliti zililingana.

Mwandishi alipinga silinda ya pikipiki kuhamishiwa chombo cha kilimani, na bado anaamini alipinga kwa hoja. Silinda ya pikipiki hupozwa na upepo wa mwendo. Chombo kinachopanda kilima polepole na mzigo mzito hakipati upepo huo. Isitoshe, nguvu za pikipiki huja injini ikishachachamaa, ilhali mlima unazidai mapema. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo wahadhiri wachache hulifanya, kisha akasema, “Mhandisi, hayo yote ni kweli. Sasa nishikie tochi.”

Kabla ya kufungua boliti ya kwanza alimpigia mkewe, ambaye ni fundi cherehani. Kwa kuwa mikono ilijaa oili, simu iliwekwa sauti kubwa, na karakana nzima ikasikia.

“Baba, si hiyo pikipiki ndiyo ya kunipeleka kwa mjukuu Jumapili?”

“Ndiyo hiyo hiyo, Mama. Tutapanda basi.”

“Wewe? Kwenye basi utakaa?”

Mafundi wakaangua kicheko. Mama akasema, “Haya, fungua. Lakini kiti cha dirishani ni changu.”

Ghalani mlikuwa na pistoni mpya ya chombo cha kilimani. Mwandishi alipima kipenyo chake mara tatu, akakuta kinalingana na silinda ya pikipiki, akashauri itumike hiyo ili walau pistoni ya mzee isalimike. Iliwekwa. Mzee akaizungusha injini kwa mkono, akaacha. Akarudisha nyuma, akaacha tena. Kitu kilikuwa kinakwaruza. Ilipofunguliwa, ilionekana kwamba pini ndogo zinazozuia ringi za pistoni zisizunguke zilikaa mahali pengine kabisa, hivyo ncha za ringi zilikuwa zikichungulia kwenye dirisha la kutolea moshi. Kiki moja tu ingezivunja, na silinda ya pili ingekufa kama ya kwanza. Mwandishi alikuwa amepima kila kitu isipokuwa kile alichopaswa kukitazama. Mzee hakumcheka. Alisema tu, “Basi waende wote wawili,” akaitoa na pistoni ya pikipiki yake.

Alhamisi jioni injini ilinguruma. Kuhusu joto, hoja ya mwandishi ilikubaliwa: tundu la kupitishia petroli lilipanuliwa kidogo, na chombo kikapangiwa kusimama mara tatu mlimani. Ijumaa saa saba mchana Mzee Hakai alikipandisha mwenyewe, na madumu mawili ya dawa nyuma. Huko chini tulitazamana, tukatazama saa, tukaondoa nzi kwenye keki. Saa tisa na dakika arobaini simu ya mkurugenzi iliita. Mlinzi wa mtambo alisema dawa imefika, na kwamba mzee amekataa chai kwa sababu ana shughuli yake mwenyewe ya kuwahi.

Aliingia ukumbini saa kumi na nusu, akiwa na ovaroli, akaomba hati kabla ya kuomba maji ya kunywa. Idara imempa silinda iliyochunika ili, ikishakwanguliwa, iirudishie pikipiki yake uhai. Kwenye hati, safu ya hali ya chombo, aliandika kwa mkono wake: “Kinapanda. Kipumzishwe mara tatu njiani.”

Mzee wetu, tunakushukuru kwa kila bomba lililotoa maji bila mwenye nyumba kujua ni nani aliyesimama nyuma yake. Maisha yaliyo mbele yako yawe mema, wewe na Mama. Ushauri ulioutoa kwa chombo tumeuhifadhi kwenye faili. Kwako wewe hatuombi upumzike mara tatu. Mara moja itatutosha.