Chérie Kahambu, Aliyeuogopa Mto Nyamwamba

Marehemu Chérie Kahambu alizaliwa Butembo tarehe 14 Agosti 1990, binti wa marehemu Sosthène na Mama Martine, aliye nasi hapa. Vita vilipozidi, mama yake alivuka naye mpaka wa Uganda, wakahamia Bwera, na hapa ndipo aliposoma shule ya msingi na sekondari. Baadaye alisomea kompyuta Kampala.

Mwaka 2015 alianza kufundisha katika shule moja ya Kasese. Aliwatengenezea wanafunzi mchezo wa kompyuta wenye milima, msitu, joto na mvua kama za kwetu, ambamo mchezaji hujenga mji na kuutunza. Mwanafunzi mmoja alipanda mpunga kwenye theluji ya Rwenzori. Chérie alimwacha angoje mavuno muhula mzima, akicheka kila alipopita.

Alifunga ndoa na Eridadi Tsongo mwaka 2017, wakakaa Bulembia, karibu na mto Nyamwamba. Walijaliwa David na Night.

Mwaka 2024 aliingiza katika mchezo vipimo halisi vya miteremko na mvua ya Kasese. Tangu hapo hakucheka tena. Kila alipouwasha, mto wa mchezoni uliacha njia yake ukapita nyumbani kwao. Alidhani amekosea, akarekebisha, ukapita tena. Eridadi alimwambia asijitie hofu kwa kitu cha kompyuta. Akajibu, "Mvua nimepunguza mpaka mwisho, baba David. Maji bado inaingia kwetu."

Watoto waliletwa kwa bibi yao hapa Bwera. Yeye alibaki akiwasihi majirani wahame. Wengine walihama, wengine walimwona amechanganyikiwa. Mawingu yakifunika mlima tu, alianza tena kugonga milango yao.

Mto ulifurika mchana wa tarehe 6 Mei 2025. Chérie alikuwa ameshafika mahali pa juu, salama, akarudi kumtoa jirani yake mgonjwa, Mama Ithungu. Alimtoa. Nyumba zote mbili zilikwenda na maji. Baada ya hapo alishikwa na homa ya mapafu, akafariki hospitalini tarehe 15 Mei. Mchezo ule hakuna aliyethubutu kuuwasha tena, maana haukuonyesha maji yakiingia nyumba yake peke yake.

Ameacha mume, watoto wawili, mama, na kaka yake Bénit, anayewasomea maneno haya. Mama Ithungu amekaa pale mbele.

Neno lake la mwisho alimwambia mama: "Munizike juu, mbali na mto." Tumempandisha huku kilimani. Mungu ampe usingizi usiosikia mvua.