Vitabu Tulivyosomea Dunguni

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi. Ndugu Afisa Elimu. Mkuu wa Shule pamoja na walimu wenzangu. Masheikh na viongozi wetu wa dini. Wazazi wa Kibiti na Mtawanya, na ninyi mliotoka Salale kwa boti mkaja na matope miguuni kwa ajili yangu. Wanafunzi wangu wapenzi: nawasalimu nyote, kila mmoja kwa heshima yake. Assalaam alaykum.

Mkuu wa Shule aliponiambia kwamba leo, siku ya kuniaga, nitapewa nafasi ya kusema, aliniomba nizungumzie vitabu, kwa kuwa katika miaka yangu yote ya kufundisha Kiswahili hajaniona bila kitabu kwapani. Aliniomba hasa nivitaje vile vya kujiendeleza kimaisha, ili vijana wapate la kushika. Nimekubali. Lakini mtu akiulizwa maoni yake akatoa ya wengine, amewapotezea watu muda wao. Mimi nitasema yangu.

Riwaya za upelelezi nazipenda mpaka ukurasa ule muuaji anapojulikana. Baada ya hapo mwandishi na mimi hatuna tena la kuongea. Za mapenzi nazisoma kwa kiburi, nikimcheka binti anayezimia kila sura, kisha najikuta nafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Ipo riwaya moja ambamo hakuna kinachotokea. Mwanamke anangoja mvua, mvua haiji, anafagia uwanja, anangoja tena. Wenzangu waliiazima wakanirudishia kwa kunihurumia. Mimi nimeisoma mara nyingi, na kila nikiifunga najiona kama mtu aliyeamka usingizi wa mchana, asijue ni asubuhi au alasiri, na asitake kuambiwa.

Na hivyo vya kujiendeleza? Vingi vinaniagiza niamke kabla ya jua. Ndugu zangu, nani kati yetu sisi watu wa delta aliyewahi kungoja kitabu kimwamshe, wakati maji yakijaa ndiyo safari, na yakitoka umebaki? Vingine vinanishauri nijitenge na watu wasio na malengo. Nikifuata ushauri huo, siku ya Idi nitakula na nani?

Mnacheka, nami nafurahi mkicheka. Lakini kipo kimoja ambacho siwezi kukisema kwa kicheko. Mume wangu, Huseni, amekaa pale safu ya pili. Nilimwomba ruhusa nisimulie jambo hili, na jana nikamwuliza tena. Akaniambia nisimulie, nisipunguze.

Kabla sijahamia hapa nilikuwa nafundisha shule ya msingi kule Salale, naye akilima mpunga. Mwaka mmoja alizunguka na jembe lake hadi bonde la chini, karibu na mikoko, akaona udongo mweusi, mnono, ambao hakuna aliyeugusa kwa miaka. Akawashawishi majirani washuke pamoja naye. Wakashuka. Mpunga ule ulivyoota, Mheshimiwa, sijui niueleze vipi. Asubuhi ukungu ulikuwa unaulalia, na upepo ukipita chini ya ukungu mtu alisikia shamba zima likinong'ona kabla hajaliona. Nilikuwa nikisimama ukingoni kabla ya kwenda shule, nikasahau kwamba nina shule.

Kisha mafuriko yakashuka na mto, yakakutana na bamvua, maji ya bahari yanayojaa kuliko siku zote. Maji ya chumvi yakasimama shambani. Yalipoondoka, mpunga ulikuwa kama umeunguzwa.

Hakuna jirani aliyemlaumu. Labda ingekuwa afadhali wangemlaumu. Huseni aliacha kwenda barazani, akaacha kwenda msikitini, akawa anasali nyumbani peke yake, na maneno yakampungua kidogo kidogo mpaka tukawa tunaishi kwa kuitikiana tu. Ndipo mdogo wake, Ashrafu, akaja kutoka Dar es Salaam na kitabu, kwa nia safi kabisa, maana kilikuwa kimemsaidia yeye katika biashara yake. Juu kulikuwa na picha ya mtu mwenye tai, amesimama kileleni mwa ngazi. Ndani iliandikwa kwamba lolote linalompata binadamu amelivuta mwenyewe kwa mawazo yake, na kwamba anayeanguka, moyoni alishataka kuanguka.

Mume wangu alikisoma kama mgonjwa anavyosoma majibu yake ya hospitali. Alipokimaliza alikianza tena. Nilimsihi akiweke kando, akanijibu kwa upole kwamba kitabu kinasema kweli, na kwamba ni yeye aliyewaletea watu maji yale.

Nilifundisha watoto kusoma maisha yangu yote. Je, nilikuwa nimewahi kuwafundisha kwamba herufi zinaweza kumlaza mtu chini?

Msimu uliofuata tulilima bonde la juu. Alikuja kwa kuwa nilikwenda. Likizo ya katikati ya mwaka ikaingia wakati mpunga unakomaa, nasi tukahamia dunguni, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya shamba, kuamia ndege. Kuamia ndege ni kuwafukuza kwa kelele kutwa nzima, na wanaonijua wanajua sina koo la kelele. Kwa hiyo nikachukua riwaya nikaisoma kwa sauti kubwa. Ndege hawajui tofauti.

Riwaya yenyewe haikuwa na jalada. Mchwa walikuwa wamelila, hata leo sijui jina lake. Ilimhusu mfuga nyuki aliyetunza mizinga ya kijiji kizima. Dungu la pili alikaa Bi Mwanabibi, mjane, mtu mzima, ambaye naye alikuwa amepoteza mpunga wake wote bonde la chini. Upepo ukimnyang'anya sentensi, alikuwa anapaza sauti nirudie. Tukaishi hivyo siku nyingi. Jua lilikuwa linapita polepole juu ya makuti, mpunga unageuka rangi, na sauti yangu ilikuwa ikitoka ikaenda mbali, mpaka nyakati nyingine nilihisi si mimi ninayesoma, ni shamba linalosema, nami nasinzia ndani yake. Huseni alikuwa analala chali, macho kwenye paa. Sikujua kama anasikia.

Alasiri moja nilifika pale moto wa porini unapoteketeza mizinga yote. Yule mfuga nyuki anakwenda nyumba kwa nyumba, anapiga magoti kila mlango, anaomba radhi. Nilikuwa nimefika mlango wa mwisho Huseni aliposema, bila kugeuka:

"Moto hakuuwasha yeye."

Nikashusha kitabu. Ndege wakashuka kwenye mpunga wetu, nikawaacha wale. Kisha akasema tena, taratibu, kama mtu anayepima kina cha maji kwa mguu:

"Basi na mimi maji sikuyaleta."

Akalia. Mimi nilikaa tu, nimeshika kitabu. Alipotulia aliniambia niendelee, nikaendelea hadi mwisho wa sura. Kisha akashuka dunguni, akapita kwenye tuta mpaka kwa Bi Mwanabibi. Niliona kwa mbali wamesimama. Maneno yao nilisimuliwa baadaye. Alikuwa ameanza kuomba radhi, na bibi yule akamkatiza.

"Mwanangu, mimi nilifuata udongo mzuri, sikukufuata wewe. Kaa ule."

Akakaa, akala muhogo na samaki wa kukaanga. Ijumaa ile akaenda msikitini pamoja na wanaume wenzake, na msimu uliofuata majirani ndio waliomfuata kumwuliza walime wapi.

Sasa msiondoke hapa mkisema Mwalimu Muzdalifa amevilaani vitabu vya mafanikio. Ashrafu, tulipomweleza, alihuzunika, na safari nyingine akaleta kitabu kingine, chembamba, kilichosema tu kwamba fanya kazi ndogo iliyo mbele yako, wala usiihukumu siku kabla haijaisha. Huyu bwana wangu amekaa nacho mpaka pembe zake zimekuwa mviringo. Kile cha kwanza kilijua kusema na mtu aliyesimama. Mume wangu alikuwa amelala. Na ile riwaya haikumshauri neno. Ilimwonyesha mtu mwingine, asiyemjua, akamhurumia, na huruma ile ikapata njia ya kumrudia mwenyewe.

Mheshimiwa mgeni rasmi, ombi langu ni moja. Vitabu vikinunuliwa kwa ajili ya shule zetu, riwaya zisiambiwe zingoje mpaka mitihani ipite. Na ninyi wanafunzi, someni vya mafanikio, mfanikiwe. Lakini siku kitabu kitakapokufanya ujichukie, kifunge, nenda ukakae na watu.

Bi Mwanabibi alitutoka mwaka jana. Mwenyezi Mungu amrehemu. Sisi kesho, maji yakijaa, tunarudi Salale kulima. Wiki hii yote nimekuwa nikipanga vitabu kwenye maboksi, boti ni ndogo, na vingine vitabaki. Juzi nikamwuliza Huseni anataka nitangulize kipi, niweke juu, kiwe cha kwanza kusomwa. Alikuwa anafunga kamba, hakuinua hata kichwa.

"Chochote, mama Habiba, mradi usome wewe."

Nawashukuru mlionilea kazini, mlioniazima watoto wenu, na leo mkaniazima masikio yenu mpaka mwisho. Kaeni salama.