Clotilda Kokubanza na Jicho Lililobaki

Ndugu waombolezaji, mimi Elieth, mtoto wake wa kwanza, ninawasomea kwa niaba ya familia habari za mama yetu.

Clotilda Kokubanza alizaliwa tarehe 9 Juni 1959 huko Kamachumu, Muleba, mtoto wa tatu wa Mzee Lwakatare na Mama Jovita. Alimaliza darasa la saba mwaka 1973, kisha akajifunza ushonaji kwa masista. Mwaka 1980 alifunga ndoa na Julius Rutaihwa, wakajenga Nyanga. Alishonea Miembeni, na maharusi wengi wa Bukoba walivaa kazi ya mikono yake.

Mwaka 2016 presha ya macho ilimpofusha jicho la kushoto kabla hatujajua kuwa anaumwa. Agosti 2019 jicho la kulia lilitibiwa kwa leza mjini Bukoba. Alitiwa matone kabla na baada, akaambiwa asubiri presha ipimwe tena. Lakini kesho yake Joyness, binti wa dada yake, alikuwa anaolewa Muleba, na gauni Mama alilokuwa akimshonea lilikuwa halijakunjwa pindo. Mama akachukua mkoba, akaaga. Baba aliushika ule mkoba, hakuuachia.

"Mama Elieth, keti. Ataolewa hata bila pindo."

Alikaa kwa hasira. Walipompima, presha ilikuwa imepanda sana. Kichwa kikaanza kumuuma, taa akaiona imezungukwa na maduara ya rangi. Daktari hakuficha: isiposhuka siku hiyo, jicho hilo nalo lingekwenda. Akaongezewa matone, akapewa na vidonge. Simu za Muleba ziliita, Baba hakupokea. Mimi nilipofika, Mama alikuwa haoni ila ukungu; alinishika mkono kwa nguvu.

"Usiniambie umevaa rangi gani," alisema. "Nitakuambia mwenyewe."

Tulisubiri mpaka alasiri. Walimpima tena, presha ilikuwa inashuka.

"Blauzi ya kijani," akasema. "Na aliyekushonea kola hajui kazi."

Baba akageukia ukutani, akalia.

Pindo lilimaliziwa na Annastella, mwanafunzi wake. Kesho yake Mama alikaa mbele kanisani, akamwona Joyness akiingia. Tangu hapo Baba alimtia matone asubuhi na jioni, bila kukosa.

Januari mwaka huu, 2025, alipatwa na kiharusi. Alifariki tarehe 2 Machi, nyumbani Nyanga, akitutazama mmoja mmoja.

Ameacha watoto wawili, mimi na Joackim, wajukuu sita, na mume wake Julius, aliyeniomba niseme tu kwamba anamshukuru.

Pumzika Mama, Mungu akupokee katika amani yake.