Siku Nilipoulizwa Jina la Mwanangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Itikieni kwa nguvu, maana mimi Bibi Maria mnayeniona hapa nilikuwa nimeacha hata kusema.

Nililetwa katika nyumba hii ya wazee ya misheni, hapa Iringa, mume wangu alipofariki. Nikapewa blanketi, uji, na kitanda karibu na dirisha. Sikukosa kitu! Lakini nililala nikitazama ukuta, uji ukapoa mpaka ukafanya utando. Mganga wa misheni alinipima, akasema, "Bibi, mwili huu hauna ugonjwa." Nikajua basi, mimi ni wa kufa tu. Na nikafurahi.

Ndugu zangu, kilichokuwa kikiniua ni jina. Mwanangu wa pekee alikwenda vitani Burma akiwa keya, askari wa Mwingereza, asirudi. Ikaja karatasi. Hapakuwa na kaburi wala matanga. Na kwetu tulilelewa hivi: mama aliyefiwa hatajiwi jina la mtoto, asije akatoneshwa kidonda. Basi watu wote wakanihurumia, wakanyamaza. Miaka kumi!

Ndipo akaja nesi Atupele, Mnyakyusa kutoka Mbeya. Mila zetu hakuzijua hata kidogo. Alhamisi moja aliketi kitandani kwangu na ungo wa maharage, akawa anachambua, akauliza mbele ya wazee wote: "Bibi, mwanao aliitwa nani?"

Chumba kizima kilishtuka. Nilimfukuza! Nikamwita mtoto asiye na adabu. Alhamisi iliyofuata akarudi na ungo wake, akauliza vilevile. Na ya tatu. Ya nne nikajibu, ili aniondokee tu: "Ezekia."

Mungu wangu! Nililia mpaka blanketi likalowa. Kisha nikasimulia alivyokuwa akiiba viazi vibichi, alivyoogopa bata, na nikajisikia ninacheka. Mimi! Atupele hakunihubiria. Alichambua maharage, akasikiliza. Jioni ile nikaomba uji.

Kosa la adabu, ndugu zangu! Mungu alipita katika kosa la adabu.

Sasa kila Alhamisi tunachambua maharage sote, na kila mzee anamtaja wake. Mzee Yohana, umebaki wewe, na jana hukula. Sikulazimishi. Mwamini tu Yeye asiyesahau jina la mtu. Shika ungo, kaa hapa karibu yangu. Nitaanza mimi: mwanangu aliitwa Ezekia.