Studio ya Magunia

Basi lilipotoka Rujewa, binti wa kiti cha mbele yangu, gitaa magotini, alimwambia mzee aliyekaa naye kwamba anakwenda Ilula kusikilizwa na kwaya ya usharika. Mwezi uliopita mwalimu wa kwaya alimkataa kwa sababu alikuwa anakimbiza nyimbo.

"Nilibisha sana, baba, mpaka nilipojirekodi. Kumbe nikifika kwenye kiitikio nakimbia kama nafukuzwa na nyuki."

"Ulirekodi studio gani?"

"Stoo ya mpunga ya mama. Chumbani sauti inarudi, ila magunia yanaimeza. Simu naiweka juu ya gunia, hatua moja mbele ya gitaa, basi."

"Simu! Mwanangu, mimi nauza mchele miaka thelathini. Gunia ni gunia."

Sikuelewa mchele wake unamfundishaje gitaa, lakini hakuniuliza.

Binti hakubishana. Alimpa spika za masikioni. "Hii ni ya mwezi uliopita. Na hii ni ya jana."

Ya kwanza ilimkunja mzee uso. Ya pili alifumba macho, na kiatu chake kikaanza kugonga sakafu, taratibu, bila kukimbilia popote.

"Studio ni studio," alisema akimrudishia.

"Sawa, baba," binti alijibu huku anakitazama kile kiatu na kucheka.

Ilula basi likasimama. Binti alishuka na gitaa lake, akapita katikati ya wauza nyanya kama mtu aliyeshafaulu. Mzee akanigeukia kuniambia vijana wa siku hizi hawashauriki.

Kiatu chake kilikuwa bado kinagonga.